Mwisho wa riwaya ya Wamirihi: je, Wells alitunyima haki yetu wasomaji?

Mwana wa Mvita anauliza:

Wapenzi wa riwaya, nawasalimu nyote. Juzi nimemaliza kusoma The War of the Worlds ya H. G. Wells, riwaya iliyotoka kwanza kwa mfululizo katika Pearson's Magazine mwaka 1897 na kuwa kitabu mwaka 1898, na tangu hapo kuna jambo linanikereketa ambalo naomba mnisaidie kulifikiri, kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine aliyeisoma.

Kwa ambaye haijui, kisa chenyewe ni hiki. Viumbe wa sayari ya Mirihi, ambayo inapoa na kukauka, wanairushia dunia silinda kubwa za chuma, na ya kwanza inaangukia kwenye mashimo ya mchanga ya Horsell, karibu na mji wa Woking, kusini-magharibi mwa London. Watu wanamiminika kutazama kama tunavyomiminika kutazama lori lililopinduka. Wachache wenye elimu, miongoni mwao mwanafalaki, wanakwenda na bendera nyeupe wakiamini kwamba viumbe wenye akili hawakosi kuelewana, nao wanateketezwa pale pale kwa mwali wa joto usioonekana. Kuanzia hapo ni mbio tupu. Mitambo ya miguu mitatu, mirefu kuliko nyumba, inavuka mashamba kwa hatua chache, moshi mweusi wa sumu unajaza mabonde, na mji uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani unahamwa kwa kukanyagana.

Sehemu kubwa ya kitabu ilinishika barabara. Nilipofika kwenye sura ambamo msimulizi amenaswa pamoja na kasisi ndani ya nyumba iliyobomoka huko Sheen, wakichungulia kwa zamu kwenye ufa wa ukuta huku Wamirihi wakifanya kazi zao shimoni hatua chache kutoka walipo, nilikiweka kitabu chini nikaenda kuangalia kama nimefunga mlango. Chakula kinapungua. Kasisi anakula bila kiasi, analia, kisha anaanza kupaza sauti akitaka kutoka nje kuhubiri, na sauti hiyo itawaua wote wawili. Msimulizi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa kalamu akiandika makala kuhusu jinsi maadili ya binadamu yatakavyoendelea kukua pamoja na ustaarabu, anashika kisu cha kukatia nyama, anamfuata gizani, na kumpiga kwa upande wa mpini. Sijasoma mahali pengine mtu mwema akifika huko kwa hatua ndogondogo namna ile, kila hatua ikiwa na sababu yake.

Kisha unakuja mwisho. Msimulizi anaingia London iliyo kimya kabisa, anasikia kilio kimoja kikirudiwarudiwa, anapanda kilima cha Primrose, na huko juu anawakuta Wamirihi wamekufa, karibu hamsini. Hawakuuawa na mzinga wala manowari wala hila ya mtu yeyote. Wameuawa na vijidudu vya maradhi ya dunia yetu, ambavyo miili yao haikuwa na kinga navyo, na baada ya kurasa chache kitabu kimekwisha.

Nimelelewa kwa ngano ambazo zimwi haliwi na ruhusa ya kufa hivihivi. Bibi yangu alipofika mwisho wa hadithi tulikuwa tukimkatiza kwa kuuliza, "Nani kaliua?", na jibu lilikuwepo kila mara: kitinda mimba aliyefichwa mtungini, au mwanamwali aliyeukumbuka wimbo, au sungura. Zimwi la Wells limejifia lenyewe kwa homa, na wote waliokimbia, waliopigana na waliokufa hawakuchangia lolote. Swali langu basi ni hili: je, huu ni udhaifu wa mwandishi aliyewapa maadui nguvu nyingi mno hata akakosa njia ya kuwaondoa, au kuna jambo nililolipita bila kuliona?

Mpima Damu anajibu:

Dada Mwana wa Mvita, nakusalimu kwa heshima. Mimi si mtu wa fasihi. Kazi yangu ni ya maabara, na kwa miaka kumi na minne nimekaa mbele ya hadubini nikisoma slaidi za damu, na nadhani ndiyo sababu mwisho ule haukunishtua kama ulivyokushtua wewe. Nilikuwa nimeuona kwenye sentensi ya kwanza.

Tafadhali irudie. Wells anaanza kwa kusema kwamba binadamu, walipokuwa wakihangaika na shughuli zao, walikuwa wakichunguzwa kwa makini kutoka mbali, karibu kama mtu mwenye hadubini anavyovichunguza viumbe vya muda mfupi vinavyojaa na kuongezeka ndani ya tone la maji. Vijidudu vimeingia kitabuni kabla ya Mmirihi wa kwanza. Vilikuwa vimekaa mlangoni, nasi tukavipita tukidhani ni tashbihi tu. Katika sura hiyohiyo msimulizi anaitazama Mirihi kwa darubini ya rafiki yake na kuiona ndogo kama kichwa cha pini. Lugha yetu imeyafanya mambo haya mawili kuwa ndugu, darubini na hadubini, chombo cha kuvuta vya mbali na chombo cha kukuza vidogo, na sisi wasomaji tulikodoa macho kwenye darubini kitabu kizima wakati jibu lilikuwa chini ya hadubini.

Naomba nieleze kidogo kile ninachokiona kazini, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikiamini kitabu hiki. Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, likakauka, likatiwa rangi ya Giemsa, likaoshwa, kisha likawekwa tone la mafuta na kutazamwa kwa lenzi ya mara mia. Kimelea kichanga cha malaria huonekana ndani ya chembe nyekundu ya damu kama pete nyembamba ya samawati yenye kito kimoja chekundu. Ni kitu cha kupendeza, na huwa naona haya kusema hivyo. Jioni moja ndugu wawili walimleta kijana mbeba mizigo, mwenye kifua kipana kama mlango, ambaye kichwa chake kilikuwa kikiyumba wala hakuweza kutaja jina lake. Nilipotazama damu yake, kila niliposogeza slaidi nilikutana na pete, nyingine mbili mbili ndani ya chembe moja. Kijana aliyekuwa akibeba gunia la kilo mia alikuwa ameangushwa na viumbe visivyo na jino wala ukucha. Wells, aliyesomea biolojia kwa T. H. Huxley kabla ya kuwa mwandishi, aliandika akiwa na picha ya namna hiyo kichwani.

Tukumbuke pia kwamba elimu hii ilikuwa mpya na moto. Robert Koch alikibainisha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya mbu huko India tarehe 20 Agosti 1897, yaani wakati sura za riwaya hii zilikuwa bado zikitoka gazetini. Isitoshe, msomaji wa London wa miaka ile alijua fika kwamba mvamizi mwenye bunduki nzuri anaweza kulazwa na homa ya nchi asiyoizoea. Askari, wafanyabiashara na wamisionari wake walikuwa wamekufa kwa homa katika pwani za Afrika kwa vizazi kadhaa, hadi kwinini ilipoanza kutumika kwa mapana ndipo wakaweza kukaa. Wells aliichukua habari hiyo akaigeuza. Wamirihi walikuja na mwali wa joto, wakaja na moshi mweusi, wakaja na mitambo inayotembea, lakini hawakuja na kwinini.

Wala hakutuficha. Katikati ya kitabu, kwenye sehemu ya nyumba iliyobomoka, msimulizi anaeleza kwamba vijidudu vya maradhi ama havikuwahi kuwapo Mirihi, ama elimu yao ya afya ilikwisha kuvifuta zamani sana. Baadaye tunaliona gugu jekundu walilokuja nalo, lililokuwa limeziba mito na kufurika kingo, likianza kubadilika rangi, kuoza na kukatika. Gugu lilitangulia kufa ili tujue kinachokuja.

Nirudi sasa kwenye swali la bibi yako, ambalo ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu kitabu hiki. Nani kaliua zimwi? Kinga ya mwili haidondoki kutoka mbinguni. Kwetu, katika maeneo yenye malaria, watoto wadogo ndio wanaokufa zaidi, na wanaovuka utoto hubaki na kinga isiyo kamili, ambayo mgeni anayeshuka kutoka nyanda za baridi hana, ndiyo maana yeye hushikwa vibaya kuliko wenyeji. Wells analisema hili waziwazi juu ya kilima: kwamba binadamu ameinunua haki yake ya kuishi duniani kwa vifo visivyohesabika. Kwa hiyo zimwi liliuawa na wafu, dada. Liliuawa na wote waliotangulia kuumwa, kizazi baada ya kizazi, wakiwemo watoto ambao hakuna aliyewaandika majina.

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Nimeyasoma maelezo ya Mpima Damu mara mbili, na ile hoja ya sentensi ya kwanza naikubali bila masharti. Hata hivyo nimefundisha historia kwa muda mrefu, na siwezi kuuacha mwisho huu upite kwa amani namna hiyo, kwa sababu Wells mwenyewe katika sura ya kwanza ametutajia mahali ambapo kisa hiki kilitokea kweli.

Mahali hapo ni Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia. Kabla hatujawahukumu Wamirihi, anasema, tukumbuke jinsi sisi wenyewe tulivyoangamiza, si wanyama tu kama nyati wa Marekani na yule ndege dodo, bali pia watu wa Tasmania, waliofutwa na wahamiaji wa Kizungu katika muda wa miaka hamsini. Kitabu amekitabaruku kwa kaka yake Frank, ambaye ndiye aliyempa wazo, na wazo lilizaliwa walipokuwa wakizungumza kuhusu kisiwa hicho: ingekuwaje kama viumbe kutoka anga wangetushukia ghafla kama sisi tulivyowashukia wale? Kwa hiyo si mimi ninayeuingiza ukoloni kwenye hadithi ya anga. Umo humo tangu mbegu.

Lakini someni kwa makini maneno aliyoyatumia. Anasema watu wale waliangamizwa ingawa walikuwa na sura ya kibinadamu. Kalamu ya mtu anayewatetea imeandika kana kwamba ubinadamu wao ulikuwa wa kufanana tu. Na anasema walikwisha kabisa, jambo ambalo lilirudiwa sana baada ya kifo cha Truganini, mwanamke mwenyeji aliyeitwa wa mwisho wa watu wake, huko Hobart mwaka 1876, ilhali si kweli, kwani wazao wa watu wale wapo hadi leo na wanajitambua hivyo. Namheshimu Wells kwa ujasiri wa kuwauliza Waingereza swali lile wakati dola lao lilikuwa kileleni, na papo hapo naona mpaka ambao macho yake hayakuuvuka.

Sasa kuhusu vijidudu. Huko Tasmania, baada ya mapigano ya miaka ya 1820, wenyeji waliobaki walihamishiwa kisiwa cha Flinders, na wengi wao walikufa huko kwa maradhi, hasa ya kifua. Vijidudu vilikuwa upande wa mvamizi. Katika Afrika Mashariki, sotoka iliyoingia kupitia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ilifagia ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafuatwa na ndui na njaa, hata Wajerumani na Waingereza walipopenya bara walikuta jamii nyingi zimekwisha kupigwa magoti. Ndiyo sababu mwisho huu unaniuma. Wells aliichukua silaha iliyowamaliza wanyonge katika historia ya kweli akaikabidhi Uingereza iwe ngao yake. Tasmania haikupata kilima cha Primrose.

Naomba pia niguse jambo la karibu nasi. Miezi minane kabla ya sura ya kwanza kutoka gazetini, tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kuipiga mizinga kasri ya Unguja kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila idhini yao. Haikufika saa moja. Upande wa kasri waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya sultani, Glasgow, ilijibu kwa bunduki zake ndogo, ikazamishwa palepale bandarini, na picha zilizopigwa baadaye zinaonyesha milingoti yake imechomoza majini mbele ya mji. Kila ninaposoma sura ya meli Thunder Child, ambayo inajitosa peke yake kuwakabili Wamirihi baharini ili vyombo vya wakimbizi vipate kuondoka, naiona milingoti ile. Sidai kwamba riwaya inaihusu Unguja. Ninachosema ni kwamba msomaji wa pwani hana haja ya kubuni ili aelewe mtu anavyojisikia mwali wa joto unapowaka mbele ya macho yake, na kwamba Wells aliipa meli ya Kiingereza heshima ya kuangusha mitambo ya adui kabla ya kuzama, heshima ambayo Glasgow haikuipata.

Kwa swali lako, Mwana wa Mvita, jibu langu ni kwamba mwisho si udhaifu wa ufundi. Ufundi ni kamili. Kinachonitia shaka ni haki yake.

Mfasiri wa Usiku anajibu:

Naomba kuongeza jambo dogo la lugha, kwa sababu kwa muda sasa nimekuwa nikijaribu kufasiri sura chache za riwaya hii kwa kujifurahisha, na mwisho huohuo ndio ulionikwamisha.

Jina la kitabu lilinipa taabu kwanza. Ukiandika "Vita vya Dunia", kila msomaji atafikiri habari za 1914 au 1939, kwa hiyo kwa sasa nimeandika "Vita vya Sayari Mbili", ingawa najua kwamba nimepoteza ile hisia ya walimwengu kugongana. Wamirihi walikuwa rahisi, kwa kuwa jina la sayari tunalo tangu zamani kutoka Kiarabu. Mwali wa joto nao haukunisumbua.

Lakini juu ya kilima, msimulizi anasema Wamirihi waliuawa, baada ya mbinu zote za binadamu kushindwa, na vile vitu ambavyo Mungu kwa hekima yake ameviumba vikiwa vya chini kabisa hapa duniani. Neno alilotumia lina maana ya uduni na ya unyenyekevu kwa pamoja. Niliandika "viumbe duni", likasikika kama tusi. Niliandika "viumbe vinyenyekevu", likasikika kama mahubiri. Mwishowe niliandika "viumbe vinyonge kuliko vyote", nikakaa nikilitazama neno hilo kwa muda mrefu, kwa sababu mnyonge kwa Kiswahili si mdogo wa umbo tu, ni yule anayeonewa, yule ambaye methali inaamuru apewe haki yake hata anaponyongwa. Neno moja limegeuza sentensi nzima. Kwa Kiingereza inasikika kama shukrani kwa Muumba; kwa Kiswahili inasikika kama hukumu juu ya wenye nguvu wote, na Waingereza wakiwemo. Mwalimu, nimelisoma bandiko lako na sasa sijui kama nina ruhusa ya kuliacha neno hilo, kwa maana litampa Wells haki ambayo wewe unasema hakuifikia. Hata hivyo natamani kuliacha, kwa sababu wakati mwingine kitabu huwa kinajua kuliko aliyekiandika.

Kuhusu kasisi aliyetajwa na Mwana wa Mvita, nadhani anapaswa kusomwa pamoja na yule askari wa mizinga wa Putney, anayepanga kuwakusanya watu imara waishi kwenye mifereji ya chini ya London na kujenga upya taifa. Msimulizi anavutwa na maneno yake, mpaka anapoonyeshwa shimo ambalo askari amelichimba kwa wiki nzima na kukuta halifiki hata mita kumi. Mmoja alisubiri Mungu afanye kila kitu, mwingine alijaza hewa kwa mipango, na wote wawili Wells hakuwapa ushindi.

Mpima Damu anajibu tena:

Mwalimu, nashukuru. Nimelala na maneno yako na nimeamka nayo, na nakiri kwamba nilipoandika juu ya wafu waliotununulia kinga nilikuwa nimewasahau wafu wa watu wengine.

Ukiliangalia kwa jicho la maabara, jambo ni chungu zaidi ya ulivyolisema. Tasmania ilitengwa na bara la Australia kwa maji ya bahari zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watu wake waliishi muda huo wote mbali na ndui, surua na mafua ya mabara mengine, na hivyo meli zilipofika, miili yao ilikuwa katika hali ileile ambayo Wells amewapa Wamirihi. Yaani kwa upande wa dhuluma Wamirihi ni Waingereza, lakini kwa upande wa damu Wamirihi ni Watasmania. Kijidudu hakiulizi nani mwenye nchi. Hakikumpendelea mwenyeji kule Flinders, na pale London hakikumpendelea Mwingereza kwa kuwa ni mwema. Kilimwacha tu aliyekwisha kuzoeana nacho.

Nilirudia kurasa za mwisho nikitafuta mahali ambapo Wells anasema binadamu walistahili kuokoka, na sikupaona. Pale kilimani msimulizi anainua mikono kumshukuru Mungu, kama ambavyo yeyote angefanya, lakini baadaye, akiwa ametulia, anaandika kwamba Wamirihi wanaweza kurudi, na kwamba mustakabali huenda umeandikiwa wao badala yetu. Sidhani huyo ni mtu anayewaambia Waingereza kwamba haki imetendeka.

Mwana wa Mvita anajibu:

Ndugu zangu, mmenifanya nikisome kitabu upya, safari hii kuanzia nyuma kwenda mbele, na nimewaelewa nyote watatu.

Jibu la Mpima Damu kwamba zimwi liliuawa na wafu nitalichukua nyumbani, na kama bibi yangu angekuwa hai ningempelekea, kwa sababu naamini angelikubali. Hoja ya Mwalimu sitaki kuipooza. Nilipoliona jina la Tasmania mara ya kwanza nililipita kama ninavyopita jina la kituo cha treni, na hilo ni kosa langu mimi msomaji. Mfasiri, nakuomba ulibakishe neno "vinyonge".

Naomba niwaonyeshe mahali pamoja ambapo hakuna kati yetu aliyepagusa. Baada ya yote, msimulizi anarudi nyumbani kwake karibu na Woking. Mlango uko wazi, zulia la ngazini limechujuka rangi, na alama za matope za buti za yule askari wa mizinga, aliyewahi kuingia humo usiku akikimbia, bado zipo. Anapanda hadi chumba chake cha kuandikia, na juu ya meza anaikuta karatasi aliyokuwa akiiandika mchana ule silinda ya kwanza ilipofunguka, ile makala ya maadili na ustaarabu. Sentensi ya mwisho aliyoiandika inasema kwamba katika muda wa miaka kama mia mbili tunaweza kutarajia, na hapo wino umekatika, kwa sababu alinyanyuka kwenda kununua gazeti kwa kijana aliyekuwa akipita.

Nilidhani ataketi na kuimalizia. Anaisoma, anakumbuka jinsi alivyoshuka kwenda langoni kulichukua gazeti lile, kisha anateremka kwenda chumba cha kulia, ambako nyama na mkate vimeoza mezani na chupa ya bia imelala kama yeye na yule askari walivyoiacha.